Shavu la Kushoto

Mtaa mzima ulimwita Tabasamu, kwa sababu ndilo neno alilolitoa kila mara kabla ya kubonyeza kitufe cha kamera. "Tabasamu kidogo, mzee. Kidogo tu, sijaomba kuona magego." Na wazee ambao hawakuwa wamecheka tangu siku ya harusi yao walijikuta wanacheka. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia la buluu, stuli ya kuzunguka, taa mbili za miavuli, na kioo chenye kitana kilichofungwa kamba ili kisije kikaondoka na mteja. Ukutani walijaa maharusi, wahitimu, na watoto waliokuwa wameweza kukaa wenyewe kwa mara ya kwanza. Kila aliyetundikwa pale alikuwa mzuri kuliko alivyo kweli, na kwa hilo Tabasamu alijulikana mji mzima.

Maana kazi yake hasa haikuwa kupiga. Siku hizi kila mtu anapiga. Hata mtoto wa miaka mitatu atakunyang'anya simu akupige picha ya matundu ya pua. Kazi yake ilikuwa kusafisha. Alijifunza enzi za filamu, kwa penseli iliyochongwa ikachongoka, jicho moja limefumbwa, akifuta chunusi za watu juu ya negativu, ile filamu iliyooshwa kabla picha haijachapwa. Kompyuta ilipokuja aliuhamishia ufundi wake huko. Kovu la panga, jicho lililolegea, jino lililotangulia wenzake, shingo iliyojikunja kwa uzee, vyote aliviondoa bila kuulizwa. Mteja hakuomba na hakulipia zaidi. Alipewa tu, akafurahi, akaondoka anajitazama njia nzima hadi anagongana na watu.

"Picha ni heshima," alikuwa akisema, "na heshima haina chunusi."

Nyumbani alikuwa na mke, karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanamke wa maneno machache ambayo yakitoka yametoka. Mtoto wao wa kwanza alishahama kwenda kutafuta maisha. Aliyebaki ni kitinda mimba, binti wa miaka kumi na sita, ambaye Tabasamu alimwita "mama" kwa kuwa alipewa jina la mama aliyemzaa Tabasamu mwenyewe. Binti alizaliwa na baka usoni. Lilianzia chini ya jicho la kushoto likashuka hadi karibu na kidevu, rangi yake ya chai nzito. Nyumbani baka hilo halikutajwa kamwe. Baba hakulitaja, mama hakulitaja, na wote wawili waliamini kwamba kutolitaja ndiko kumpenda. Binti mwenyewe alikuwa msemaji wa kwanza kwenye mdahalo wa shule, na kicheko chake majirani walikisikia kupitia ukutani. Kama baka lilimsumbua, hakuwa amemwambia mtu.

Sasa wateja walikuwa wamepungua. Simu zilikuwa zimemnyang'anya kazi, na studio ikawa na siku nzima za ukimya ambapo Tabasamu alifuta vumbi kwenye miavuli iliyokuwa haina vumbi. Mteja mmoja akamshauri afungue ukurasa mtandaoni, aonyeshe kazi zake. Akafungua. Akaanza kuweka picha mbili mbili, ya kushoto jinsi ilivyoletwa, ya kulia jinsi alivyoisafisha. Picha za marehemu zilizoliwa na mchwa, za babu waliokunjwa mfukoni miaka arobaini. Juu yake aliandika "Kabla na Baada." Watu walipenda. Si wengi, lakini walitosha kumfanya aangalie simu kila baada ya kumeza funda la chai.

Siku moja mchana binti alipita studio akitoka shule, akakaa kwenye stuli, akajizungusha mara mbili. "Baba, nipige moja nzuri. Ya kuweka kwenye ukurasa wangu."

"Nzuri tu? Mimi nitakupiga ambayo watu wataniuliza huyu malkia nimemtoa wapi."

Akampiga. Kisha, huku binti akisoma ujumbe kwenye simu yake, akakaa kwenye kompyuta, na mkono wake ukafanya kile ambacho ulikuwa umekifanya kwa maelfu ya watu. Alianza na unywele uliosimama. Akaenda kwenye chunusi ya kipaji cha uso. Kisha akaingia kwenye baka, akalisafisha taratibu, kwa upendo wote aliokuwa nao, akilinganisha ngozi na ngozi mpaka shavu la kushoto likafanana na la kulia. Ilimchukua dakika arobaini. Alimwapia mtu mmoja baadaye kwamba hajawahi kufanya kazi safi kama ile maishani mwake, na huyo mtu ndiye anayekusimulia.

Akamgeuzia binti kioo cha kompyuta. Binti alitazama kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Ahsante, baba," akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani. Tabasamu aliona ukimya ule akausoma kwa faida yake. Alijua watu wanavyonyamaza wakipewa picha yao nzuri. Alikuwa ameona mabibi harusi wakilia. Akasema moyoni, nimemfurahisha mwanangu hadi amekosa maneno.

Na kwa kuwa ilikuwa kazi yake bora, akaiweka kwenye ukurasa. Picha mbili, kabla na baada. Chini yake akaandika: "Hakuna kisichosafishika. Njoo tukusafishe na wewe."

Hapa nataka tumsimamishe kidogo huyu mtu kabla hatujamtukana, maana hata mimi nimeshamtukana vya kutosha. Hakuwa na ubaya. Hakumuonea mwanawe haya, au ndivyo alivyoamini. Alikuwa fundi aliyepata kazi nzuri akataka ionekane, na hakufikiria kwamba kazi ile ilikuwa ni uso wa mtu.

Ilipofika jioni laiki zilikuwa zimezidi zote alizowahi kupata. Kesho yake simu haikutulia. Watu walisambaza, na kila aliyesambaza aliandika lake, na Tabasamu hakuwa na muda wa kusoma yote. Alikuwa amesikia kwamba biashara ya mtandaoni ni kumjibu kila mtu, usimwache mteja bila neno. Basi akakaa na miwani puani, akamjibu kila mtu kwa sentensi moja aliyoiandika mara moja na kuinakili: "Ahsante sana kwa kutuunga mkono. Karibu studio." Akaibandika chini ya kila maoni, moja baada ya lingine, huku akipiga mluzi. Jumamosi ile foleni ilifika mpaka mlangoni kwa kinyozi. Kichwa kikamvimba. Alimpigia mkewe kazini kumwambia kwamba binti yao amewaletea baraka.

"Yeye mwenyewe umemuuliza?" mkewe akasema.

"Kuna cha kuuliza? Amependeza!"

Jumatatu aliingia kijana mmoja asiyemfahamu, akakaa kwenye stuli, akavua kofia. "Fundi, nataka unisafishe kama yule Nusunusu."

"Nusunusu ndiye nani?"

Kijana akacheka, akatoa simu. "Ina maana hujui umaarufu wako? Ona." Ilikuwa stika. Mtu fulani alikuwa amekata uso wa binti wa Tabasamu katikati, nusu ya kabla na nusu ya baada, akaziunganisha, na chini pameandikwa "Mimi na matatizo yangu." Kijana akateremsha kidole akamwonyesha nyingine, na nyingine. Kisha akamfungulia posti yenyewe, ukurasa wa Tabasamu mwenyewe, amsomee vichekesho. "Hiki ndicho kilichoniua. 'Huyu ukimuoa, unaletewa wa kabla au wa baada?' Na wewe fundi hapo chini ukamjibu, 'Ahsante sana kwa kutuunga mkono.' Wewe ni noma!"

Alishika mguu wa taa, taa ikayumba. Chini ya kila tusi palikuwa na jibu lake. Mtu aliyeandika kwamba afadhali abaki ndani hadi azeeke, kashukuriwa. Aliyeuliza kama ugonjwa ule unaambukiza, kakaribishwa studio. Mwanafunzi wa darasa moja na binti yake, kwa jina lake halisi kabisa, kaandika kwamba sasa wanajua kwa nini kwenye mdahalo anasimama upande, na yeye kashukuriwa.

"Fundi, vipi? Hunipigi?"

"Huyu ni mwanangu," Tabasamu alisema.

Kijana alivaa kofia yake taratibu, akaondoka bila kuaga.

Aliifuta posti palepale. Alidhani kufuta ni kufuta. Alikuwa mtu wa kufuta vitu maisha yake yote na vikafutika. Akafunga studio akakimbilia nyumbani, na huko akakuta ambacho angekiona siku tatu nyuma kama angekuwa anatazama. Binti alikuwa kitandani mchana kweupe, hakwenda shule, mtandio ameuzungusha usoni mpaka juu ya pua, simu ipo mkononi. Alikuwa akizisoma. Amezisoma zote, tangu ya kwanza, na kila mpya ilipoingia alikuwa akiisoma hiyo pia.

"Mama, nimeifuta. Nimeifuta yote."

Binti hakugeuka. "Umefuta ya kwako, baba."

Wiki zilizofuata sitazirefusha. Tabasamu alikwenda shuleni, akazungumza na mwalimu wa darasa, mwalimu akakemea, na baada ya kukemewa stika zikaongezeka. Alikwenda hata kwa wazazi wa yule mwanafunzi, wakamwambia kwa upole kwamba picha aliiweka yeye. Na ilikuwa kweli. Binti alirudi shule siku mbili, ya tatu kichwa kikauma, ya nne tumbo. Mdahalo aliuacha. Kicheko chake kikapotea, na majirani wakauliza kama amesafiri. Hakula tena mezani na wazazi wake. Alifungua ukurasa mwingine, kwa jina la bandia, na pale aliweka ile picha ya baada, peke yake, na watu wasiomjua wakamwambia yeye ni mrembo. Mama yake alipogundua hilo alidhani ni nafuu. Alimwambia mumewe, "Angalau huko anafurahi."

Hakuwa anafurahi. Alhamisi moja asubuhi mama aliingia kuchukua nguo chafu, binti yuko bafuni, simu iko wazi juu ya mto. Lilikuwa kundi la mtandaoni la vijana wasiofahamiana, kutoka kila pembe ya dunia, kila mmoja akieleza anavyochoka. Binti yake alikuwa ameandika, "Kila mtu anampenda yule wa kwenye picha. Mimi natamani nisiwepo." Wengine walikuwa wamemjibu kwa huruma, wakamsihi amwambie mtu wa karibu. Wawili walikuwa wameandika, "Sasa unasubiri nini?" na mmoja wao akaweka kikatuni cha kucheka.

Mama hakupiga kelele. Aliweka nguo chini, akakaa mlangoni mwa bafu, akasema, "Mwanangu, nimeisoma. Siondoki hapa." Alikaa pale sakafuni mpaka mlango ukafunguka, akamshika, na siku ileile wakaenda hospitali wote watatu. Hadi leo Tabasamu husema kama si mkewe asingekuwa na mtoto, na ukimwangalia akisema hivyo utajua haongezi chumvi.

Hospitalini kulikuwa na mshauri, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na chumba chenye viti vinne vya plastiki na dirisha moja. Walikwenda kila wiki. Mara tatu za kwanza binti alizungumza na mshauri peke yake. Mara ya nne mshauri aliwaita wazazi, akamwambia binti, "Sema unachotaka wakisikie. Ukichoka tunaacha."

Binti alitazama dirishani. "Waliocheka siwajui. Hao nimeshaanza kuwazoea. Lakini baba aliwashukuru. Mmoja mmoja. Nilikuwa nasoma tusi, halafu chini yake baba yangu anasema ahsante, karibu studio."

"Mama, sikusoma, naapa, nilikuwa nabandika tu..."

"Na kabla ya hapo." Alikuwa bado hajageuka. "Niliangalia picha zangu zote pale nyumbani. Nikiwa mtoto, nikianza shule, sikukuu zote. Zote umenipiga upande wa kulia. Hakuna hata moja ya upande huu. Kwa hiyo siku uliponigeuzia ile kompyuta, nikaelewa kwamba umekuwa ukisubiri miaka kumi na sita."

"Ni mwanga!" Tabasamu alisema. "Dirisha la sebuleni liko kulia, mama, fundi yeyote atakwambia, mwanga ukitoka..."

"Baba watoto," mkewe alisema, "nyamaza."

Akafika nyumbani akazitoa picha zote, akazipanga juu ya kitanda, akazitazama. Nyingine zilipigwa uwanjani, jua la utosi, ambako mwanga hauna kulia wala kushoto. Alikaa chini akalia kwa sauti, na mkewe akamwacha alie, kwa sababu alistahili kulia.

Mshauri ndiye aliyependekeza binti abadilishe hewa, na binti mwenyewe akachagua kwenda kwa shangazi yake, dada mkubwa wa Tabasamu, aliyekuwa na kitalu cha miche ya maua upande wa pili wa mji. Shangazi alikuwa mwanamke wa domo. Siku ya kwanza alimwangalia binti ana kwa ana akasema, "Hilo baka lako limekuwa likikua pamoja na wewe, lilikuwa dogo nilipokuogesha. Haya, kamata koleo, miche haijipandi." Binti alishtuka, maana hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kulitamka neno hilo mbele yake. Kisha akakamata koleo. Simu alimkabidhi shangazi kwa hiari yake, akawa anaipata saa moja kwa siku, na siku nyingine akaisahau. Shuleni walimruhusu asomee huko na kuleta kazi zake. Kuna siku alikuwa sawa, kuna siku alilala tu akitazama ukuta, na shangazi akakaa naye akichambua mbegu. Mtandio aliuvua akiwa kwenye miche, akauvaa mtu akija. Baba yake alipokuja Jumapili, aliuvaa.

Ndipo ikaja barua ya usajili wa mtihani wa mwisho. Kila mtahiniwa alete picha tatu za pasipoti, uso wazi wote, masikio yaonekane, na picha iwe haijafanyiwa marekebisho ya aina yoyote. Mwisho ni Ijumaa. Bila picha hakuna mtihani, na miaka yote ya kusoma ingekwenda na maji. Binti hakuwa amesimama mbele ya kamera tangu siku ile. Tabasamu aliposikia alichukua mfuko wa vifaa vyake, akafika kitaluni akihema.

"Dada, mwambie nitampiga hapahapa, kwenye maua, sitamsogeza, sitagusa chochote. Kompyuta nimeiacha. Mwambie hata picha yenyewe sitaitazama."

Shangazi aliingia ndani. Alikaa huko kwa muda. Aliporudi hakuzungusha maneno. "Amekubali kupigwa. Lakini si na wewe, mdogo wangu. Amesema mtu yeyote, isipokuwa wewe."

Wakaenda Alhamisi kwa mpiga picha mwingine, mzee mmoja kwenye kona ya kituo cha polisi aliyekuwa akiwapiga watu wa vitambulisho, ambaye picha zake zilimfanya kila raia aonekane amekamatwa. Tabasamu alikuwa amemcheka mzee huyo kwa miaka ishirini. Alikwenda nao kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa kilichotakiwa shuleni, akamkabidhi dada yake, akakaa nje kwenye benchi, mikono kati ya magoti. Alimsikia mzee akisema, "Kaa wima, binti. Angalia hapa. Basi hivyo hivyo." Kamera ikalia mara moja. Yeye angepiga sita. Baada ya dakika chache mzee akatoka, akamtambua, akasita. "Fundi," alisema kwa heshima, "sijagusa kitu." Tabasamu akaitikia kwa kichwa.

Binti alitoka na bahasha, shangazi nyuma yake. Picha zilikuwa nne. Tatu ni za shule. Alikuwa ameishika ya nne kwa ncha za vidole ili wino usichafuke, na mtandio ulikuwa bado uko mabegani. Ilikuwa mara ya kwanza baba yake kuuona uso wake mzima tangu siku ya studio.

"Mama," Tabasamu alisema, "hiyo moja nipe mimi."

"Ya nini, baba?"

"Ya kukuangalia tu."

Binti alisimama. Akavuta pumzi, akainua kidevu, kama alivyokuwa akifanya kwenye mdahalo kabla hajaanza kusema. "Si niko hapa," alisema. "Niangalie."

Na Tabasamu alitaka. Mungu anajua alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Aliinua macho yake kumtazama mwanawe. Lakini macho yale yalikuwa yamefanya kazi moja miaka thelathini, na kabla hajayazuia yakaenda moja kwa moja kwenye baka, yakaanza kupima pale linapoishia chini ya jicho, ngozi na ngozi, pa kuanzia na pa kumalizia. Ilikuwa sekunde moja tu. Akajisahihisha haraka, akayarudisha kwenye macho ya mwanawe.

Binti alikuwa ameshaona.

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika. "Haya, baba," alisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa asijisumbue kuinuka. Akauvuta mtandio, akamkabidhi shangazi yake picha ile ya nne, na wakaondoka wawili kuwahi shule kabla haijafungwa.